Msitu wa Harz, Ujerumani: nani hasa kaua miti yote ile?

#1 Mtoka_Lushoto
Wakuu, habari zenu. Niko Ujerumani kaskazini, kazi zangu ziko Braunschweig. Wikiendi iliyopita tulipanda garimoshi la mvuke kutoka Wernigerode hadi kilele cha Brocken, mita 1,141, mlima mrefu kuliko yote upande huu wa kaskazini. Nilijiandaa kuona ule msitu mzito wa kwenye kalenda. Kuanzia Schierke kwenda juu, nilichokiona ni miti iliyokufa ikiwa imesimama. Haina gome, haina jani, rangi ya majivu, kilima hiki na kile cha pili na cha tatu.

Ndani ya behewa watu wakaanza kubishana. Mzee mmoja alisema ni wadudu. Mkewe akasema serikali iliacha makusudi. Kijana aliyekaa dirishani akasema ni tabianchi, mjadala umekwisha. Kila mmoja ana uhakika wake.

Mimi nimekulia Lushoto. Kwetu msitu ukiisha, yupo mtu na shoka lake. Hapa hakuna aliyekata. Wenye ujuzi karibuni: nani kaua msitu wa Harz?

#2 Swali_Fupi
Nimeweka kiti. Uzi bila picha lakini mkuu?

#3 Bwana_Miti
Aliyeua kwa mikono yake ni mdudu wa magome, wenyewe wanamwita Borkenkäfer, yule wa aina inayoshambulia Fichte. Fichte ni jamaa wa misonobari, na ndiyo hiyo uliyoiona imesimama imekufa. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita tano hivi. Dume anatangulia, anatoboa gome na kutengeneza chumba, halafu anatoa harufu ya kuwaita wenzake. Majike wakifika wanachimba njia ndefu chini ya gome, wanataga mayai huku na huku. Mabuu wakianguliwa wanakula ile nyama laini iliyo kati ya gome na ubao, na hapo ndipo sukari ya majani inapopita kushuka mizizini. Njia hiyo ikikatwa kuzunguka shina lote, mti umekwisha hata kama juu bado ni kijani.

Mti wenye afya haukubali kirahisi. Mdudu akitoboa, unammwagia utomvu na kumzamisha mle mle tunduni. Sasa utomvu unataka maji. Tarehe 18 Januari 2018 dhoruba iliyopewa jina Friederike iliangusha miti mingi sana Harz. Mti uliolala chini hauna kinga, kwa hiyo wadudu wakapata pa kuzaliana bila upinzani. Kiangazi cha mwaka huo kikawa cha ukame, 2019 ukame tena, 2020 vilevile. Na joto likizidi, mdudu anaweza kufikisha vizazi vitatu kwa msimu mmoja. Hapo hakuna msitu unaofua dafu.

Mimi naweka ukame mbele, mdudu nyuma yake.

#4 Nesi_wa_Goslar
Naunga mkono, na nimeyaona kwa macho. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Goslar, siku za mapumziko napanda Torfhaus kutembea. Ncha za miti huanza kugeuka rangi ya kutu, baada ya muda sindano zote ziko chini, gome linabanduka vipande vipande. Ukisogea kwenye mti ambao ndiyo kwanza umeingiliwa, pale shinani utaona unga laini wa kahawia umekwama kwenye nyufa za gome na kwenye nyuzi za buibui. Huo unga ndio watu wa misitu wanaoutafuta. Wakiuwahi, mti unakatwa na kuondolewa kabla kizazi kipya hakijaruka. Ile miaka ya ukame mikono haikutosha. Malori ya magogo yalikuwa hayakatiki barabarani, bei ya mbao ikaporomoka, magogo mengine yakapakiwa kwenye makontena kwenda China.

#5 Swali_Fupi
Kwa hiyo Ujerumani yote ile na mashine zake imepigwa chini na kidudu cha milimita tano. Haya.

#6 Mchimbaji_Clausthal
Bwana_Miti, umeanzia hadithi katikati. Nilisoma Clausthal, chuo kilichoanza kama shule ya migodi mwaka 1775, na kule hadithi ya msitu inaanzia chini ya ardhi.

Harz ni milima ya fedha, risasi, shaba na zinki. Mgodi wa Rammelsberg pale Goslar unatajwa tangu mwaka 968, ukafungwa 1988. Piga hesabu: zaidi ya miaka elfu. Kuyeyusha madini kulitaka mkaa, mkaa ulitaka miti. Kuzuia mapango yasiporomoke kulitaka nguzo, nguzo zikataka miti tena. Miti ya asili ya miteremko ya chini ilikuwa Buche, ile ya majani mapana, na sehemu kubwa iliishia kwenye matanuri. Karne ya 18 mabwana misitu kama Johann Georg von Langen wakaanza kupima misitu na kupanda kwa mpango, na miaka ya 1760 mwenzao Zanthier akaanzisha shule ya misitu huko huko Harz. Kilichopandwa kwa wingi ni Fichte. Inanyooka, inakua upesi, inastahimili baridi ya mahali pa wazi. Na wachimbaji waliipenda kwa sababu nguzo ya Fichte ikizidiwa hulia kwanza kabla ya kukatika, mtu akapata nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo mnachokiita msitu lilikuwa shamba. Aina moja, umri mmoja, mistari iliyonyooka. Mdudu alikuta karamu imeandaliwa miaka 250. Aliyeua ni yule aliyepanda.

#7 Kipepeo254
Salamu kutoka Nyeri. #6 amegonga penyewe. Sisi huku tulipitia hayo na misaipresi. Chawa wa saipresi aliingia Malawi mwaka 1986, akapanda kaskazini kupitia Tanzania, kufikia 1990 alikuwa Kenya. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka ua la nyumbani kwetu likikauka kuanzia ndani kuja nje, na mashamba ya serikali mlimani yakageuka kahawia. Tulikuwa tumepanda mti mmoja kila mahali: ua, mbao, nguzo, kila kitu saipresi. Ilibidi aletwe nyigu mdogo wa kumwinda yule chawa ndipo mambo yakatulia.

Ukipanda mti mmoja peke yake unaalika adui mmoja. Hiyo si siri ya Wajerumani.

#8 Bwana_Miti
Kipepeo, chawa yule hakuishia kwenye saipresi za kupandwa. Alishambulia pia mwerezi wa asili milimani Kenya, ambao haukupandwa na mtu. Na yeye alikuwa mgeni kutoka nje, wakati Borkenkäfer ni mwenyeji wa Harz tangu zamani. Kesi mbili tofauti hizo.

Na kwa Mchimbaji: hoja ya shamba inafanya kazi hadi mita 700 au 800. Juu ya hapo, kuelekea Brocken, Fichte ni mti wa asili, upo hata bila binadamu. Mbona kule nako zimekufa? Mtoa uzi amesema kuanzia Schierke kwenda juu ni majivu matupu. Mteremko ule haukupandwa wote na mabwana wa migodi.

#9 Mchimbaji_Clausthal
Zimekufa kwa sababu chini yake kulikuwa na bahari ya Fichte za kupandwa zinazozalisha wadudu kwa mabilioni. Wimbi likipanda haliulizi nani mwenyeji. Halafu hata huko juu, nyingi zilipandwa kwa mbegu za mabondeni. Fichte ya mlimani ina umbo jembamba, matawi yameshuka kando ya shina, theluji haiivunji. Zile za mbegu za chini zina matawi mapana, theluji inakaa juu yake na kuzikata ncha.

#10 Mzee_wa_Leipzig
Vijana, nimesoma kimya kimya, sasa niongeze. Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani Mashariki miaka ya 80. Mnazungumza kana kwamba msitu ule ulikuwa mzima hadi 2018. Sivyo. Wakati ule gazeti la magharibi lilikuwa likipiga kelele kuhusu kufa kwa misitu, na Harz ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Sisi mashariki tulichoma makaa ya kahawia kwa kila kitu, umeme, viwanda, majumbani. Moshi wa salfa ulipanda, ukakutana na ukungu, ukarudi kama mvua ya asidi. Na Brocken ni mlima wa ukungu, wanahesabu karibu siku 300 za ukungu kwa mwaka. Miti iliogeshwa asidi mchana na usiku.

Udongo wa kule ni wa mawe ya graniti, hauna chokaa ya kupooza asidi. Baadaye walipita na helikopta wakimwaga chokaa juu ya misitu. Kwa maoni yangu mti uliokufa 2019 ulianza kuugua 1979.

#11 Binti_Kibosho
Shikamoo mzee. Wewe ulifika kule Brocken enzi hizo?

#12 Mzee_wa_Leipzig
Marahaba binti yangu. Hakuna aliyefika. Mpaka wa nchi mbili ulipita katikati ya Harz, na kilele kilikuwa upande wetu. Kuanzia Agosti 1961 kilifungwa kwa raia. Juu walikaa Warusi na watu wa usalama na mitambo ya kusikiliza magharibi, ukuta umezunguka kilele chote. Tuliona mlima kwa mbali tu, siku isiyo na ukungu. Tarehe 3 Desemba 1989 wananchi walipanda kwa miguu kwenye theluji wakadai lango lifunguliwe, likafunguliwa. Mwenzangu niliyekuwa naishi naye bweni moja alikuwemo. Mpaka leo akilisimulia anatokwa machozi.

#13 Dereva_wa_Lori
Mimi napita barabara za pale na lori, Goslar, Nordhausen, Halberstadt. Miji yote hiyo ya mashariki ilichakaa sana zamani.

#14 Nesi_wa_Goslar
Kaka Dereva, Goslar ilikuwa magharibi. Wernigerode, Halberstadt, Quedlinburg na Nordhausen ndiyo mashariki. Clausthal, Braunlage na Bad Harzburg magharibi. Hata leo Harz imegawanywa mikoa mitatu: Niedersachsen, Sachsen-Anhalt na kipande cha kusini Thüringen.

#15 Dereva_wa_Lori
Asante dada. Lakini mbona hakuna anayemtaja Mwingereza? Mzee mwenye gereji Osterode aliniambia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza lililokalia upande huo lilikata misitu ya Harz kama fidia ya vita. Vilima vizima vilibaki vipara. Miti iliyokufa juzi ni ile iliyopandwa wakati huo, ndiyo maana ilikuwa na umri mmoja.

#16 Nesi_wa_Goslar
Hilo ni kweli kabisa na nina mashahidi. Waliopanda upya wengi walikuwa wanawake. Wanaume walikuwa wamekufa au mateka. Kuna bibi ninayemhudumia, mgongo umepinda, anasimulia walivyopanda mlima asubuhi na jembe na kikapu cha miche, wanapiga tundu, wanaingiza mche, wanakanyaga, wanasogea hatua moja. Mshahara mdogo na sahani ya supu. Walipanda Fichte kwa sababu mbegu ndiyo iliyopatikana na nchi ilitaka mbao upesi. Ile sarafu ya zamani ya pfennig 50 ina picha ya mwanamke amepiga magoti anapanda mche, ndio hao.

Dirisha la chumba chake linatazama mlima. Ilipoanza kufa hakutaka pazia lifunguliwe. Kwa hiyo naumia mtu akiandika "aliyeua ni aliyepanda". Wale walipanda nchi ikiwa na njaa.

#17 Mchimbaji_Clausthal
Dada Nesi, nilisema mabwana wa karne ya 18, siyo hao akina mama. Heshima yao iko palepale. Ila kwenye sarafu ule mche ni wa mwaloni, siyo Fichte. Laiti wangepewa huo wa kwenye sarafu.

#18 Mwenye_Shamba_Iringa
Kuna jambo mnalikwepa. Sehemu kubwa ya hapo ni hifadhi ya taifa. Zilikuwa mbili, moja mashariki ya 1990 na nyingine magharibi ya 1994, zikaunganishwa 2006. Sera yao ni kuiacha asili ifanye yake. Mdudu alipoingia katikati ya hifadhi hawakukata, wakamwacha. Nimefuatilia hili kwa sababu nina miti yangu Mufindi na najua maana ya jirani asiyesafisha shamba lake. Jirani akiacha ugonjwa, wewe mwenye bidii unakufa naye. Watu wenye misitu binafsi kuzunguka hifadhi walilalamika wazi. Mke wa yule mzee kwenye behewa la mtoa uzi hakukosea.

#19 Bwana_Miti
Mkuu, hifadhi iliweka ukanda wa mita 500 hivi mpakani ambamo mdudu anapigwa vita, miti inakatwa na kutolewa. Katikati ndiko walikoacha. Na nenda sehemu za Harz zisizo hifadhi, ambako walikata kila mti mgonjwa kwa mashine usiku na mchana. Nako kumekwisha. Tofauti ni kwamba kwao vilima vimebaki visiki, hifadhini imebaki miti mikavu imesimama. Kama kukata kungeokoa, tungeona kisiwa cha kijani mahali fulani.

#20 Mwenye_Shamba_Iringa
Kukata umechelewa si kukata. Na vipi kuhusu moto? Septemba 2022 moto uliwaka karibu na Brocken, helikopta zikashindwa, ikabidi ndege za kuzima moto zitoke Italia. Kuni zote zile zimeachwa, unategemea nini?

#21 Nesi_wa_Goslar
Harufu ya ule moto ilifika mjini. Watalii waliokuwa kileleni waliondolewa haraka. Wazima moto wa kujitolea, wengine ni watoto wa wazee wangu, walikuwa wanapokezana na hawalali.

Kuhusu kuni, hapa mtaani ugomvi huo haujaisha. Wengine wanasema gogo lililosimama bila sindano haliwaki kirahisi, kinachokimbiza moto ni nyasi na vijiti vikavu chini. Wengine wanasema upuuzi, kuni ni kuni. Ila gogo linaloachwa likaoza linashika maji, ukiweka mkono ndani ni bichi hata kiangazi, na miche inaota juu yake.

#22 Binti_Kibosho
Na yale mafuriko ya Goslar, maji yaliyopita katikati ya mji, si kwa sababu milima haina miti ya kuzuia maji?

#23 Bwana_Miti
Yale yalikuwa Julai 2017. Msitu ulikuwa bado umesimama, kijani. Mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo. Ukitaka kuhusisha na miti, ngoja yajayo.

#24 Mchimbaji_Clausthal
Kwenye maji mimi ndiyo nyumbani. Ule mlima una mabwawa madogo yaliyochimbwa na wachimba madini kuanzia karne ya 16, zaidi ya 140, na mifereji ya kilomita 500 ukijumlisha yote iliyowahi kujengwa. Hawakuwa na mashine za moto. Maji ya mvua yalikusanywa mlimani, yakatembezwa kwenye mifereji inayoshuka kidogo kidogo, yakageuza magurudumu makubwa ya mbao yaliyovuta maji machafu na mawe kutoka chini ya mgodi. Mfereji unaufuata mlima kila unapopinda, na njia ya mlinzi iko pembeni yake. Bado unatembea humo leo. UNESCO waliuongeza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, pamoja na Rammelsberg na mji wa Goslar walioingia 1992.

Na kamba ya nyaya za chuma, hii inayobeba lifti na kreni za dunia nzima, ilitokea Clausthal 1834. Afisa mmoja wa migodi, Wilhelm Albert, alichoka kuona minyororo inakatika na kuua watu.

Nataja haya kwa sababu moja. Mwishoni mwa karne ya 18, wadudu hao hao waliua Fichte za Harz kwa mamilioni. Wakati ule hakukuwa na gari, ndege wala makaa ya kahawia ya mzee wetu. Wanaosema ni tabianchi peke yake wanieleze hiyo.

#25 Mzee_wa_Leipzig
Nakueleza, mwanangu. Wakati ule palikuwa na dhoruba na mkaa na shamba la mti mmoja, sawa. Lakini msitu ulirudi kwa mti ule ule, kwa sababu baridi ilikuwa bado ni baridi. Safari hii wenyewe hawathubutu kupanda Fichte peke yake. Hilo linaonyesha kitu kimebadilika.

#26 Mpangani
Nimefika kwa kuchelewa, naona Harz inatajwa bila mtu kutaja kilicho chetu. Kusini mwa milima hiyo kuna mji mdogo wa mapumziko unaitwa Bad Lauterberg. Mwaka 1908 waliweka sanamu ya Hermann von Wissmann bustanini. Ndiye afisa wa Kijerumani aliyekuja pwani yetu kuzima vita vya Abushiri, na Abushiri bin Salim akanyongwa hapa Pangani Desemba 1889. Dar nako waliwahi kumwekea sanamu, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikahamishiwa Hamburg, wanafunzi wakaiangusha 1968. Hiyo ya Lauterberg imewagawa wenyeji: wapo wanaotaka iondolewe, wapo wanaosema ni historia yao. Ukipita hapo, Mtoka_Lushoto, simama uitazame. Babu zetu wanahusika.

#27 Mtoka_Lushoto
Mpangani, asante sana, hili sikulijua na nitapita. Kwetu Lushoto wenyewe waliita Wilhelmstal, na mabwana misitu waliokuja Usambara walitoka kwenye elimu hii hii ya kupanda kwa mistari.

#28 Kipepeo254
Na yule daktari Robert Koch je? Alizaliwa Clausthal 1843, baba yake mtu wa migodi. Ndiye aliyekuja visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, 1906 na 1907 kutafuta dawa ya malale. Ile dawa yenye aseniki iliwapofusha baadhi ya wagonjwa wetu. Pale kwao wanamkumbuka kwa kazi yake ya kifua kikuu tu.

#29 Swali_Fupi
Uzi wa miti umefika Ssese. Nimependa. Sasa nani anieleze kuhusu miji, nataka kumpeleka mama watoto.

#30 Nesi_wa_Goslar
Shemeji, mpeleke Quedlinburg. Mji mzima ni nyumba za fremu za mbao, zaidi ya elfu mbili, nyingine zimeinama lakini hazianguki. Ukikuta moja inakarabatiwa, chungulia ukutani: wamesuka fito kati ya nguzo na kusiriba udongo uliochanganywa na majani makavu, sawasawa na nyumba ya bibi kijijini, ila yao ina miaka 400. Mfalme Heinrich wa Kwanza alizikwa hapo mwaka 936. Na Dorothea Erxleben, mwanamke wa kwanza Ujerumani kupata udaktari wa tiba, 1754, alikuwa wa mji huo. Kama nesi huwa napita mbele ya nyumba yao kwa heshima.

Wernigerode ni pa rangi na watu wengi. Mimi nikitaka utulivu naenda Stolberg, mtaa mmoja mrefu bondeni, msitu wa Buche umeufunika pande zote. Na huo ni kijani, tafadhali. Msije mkadhani Harz yote ni majivu.

Ile jibini yao ya Harzer muonje wenyewe, mimi harufu yake imenishinda.

#31 Dereva_wa_Lori
Usisahau Sankt Andreasberg. Wale kanari wa kuimba waliouzwa dunia nzima walifugwa na wachimba madini pale, ili wawape taarifa ya gesi mgodini.

#32 Mchimbaji_Clausthal
Walifugwa kwa ajili ya pesa, mkuu. Mshahara wa mgodini haukutosha, mke na watoto wakawa wanalea kanari nyumbani, wachuuzi wakawabeba mgongoni kwenye vitundu vidogo vya mbao. Habari ya gesi ni zaidi ya migodi ya makaa ya mawe Uingereza. Pale Andreasberg kuna jumba la makumbusho la hao kanari, kwenye mgodi wa Samson.

#33 Mtoka_Lushoto
Wakuu, nimejifunza mengi. Hadi sasa naona washitakiwa: mdudu, ukame, dhoruba, wapandaji wa karne ya 18, makaa ya kahawia, Waingereza, hifadhi. Nilirudi kutazama video za safari, na sehemu moja karibu na reli chini ya miti mikavu kuna vichaka vya kijani vimejaa. Huo ni msitu mpya au magugu?

#34 Bwana_Miti
Ni msitu. Jua likifika chini, wa kwanza ni yale maua marefu ya zambarau, halafu miti ya Birke na Vogelbeere, hii ya pili mbegu zake huletwa na ndege, halafu Fichte ndogo zenyewe, za umri tofauti tofauti. Sehemu za chini hifadhi imepanda miche ya Buche ili kuharakisha.

#35 Nesi_wa_Goslar
Na paa na kulungu wanaila hiyo Buche kabla haijafika kiunoni. Mwindaji jirani yangu anasema wanyama wamezidi, uzio ukikosekana mche haukui. Kwake yeye tatizo la Harz ni kulungu, nukta. Simba-mangu wao, wanaita Luchs, wamerudishwa tangu mwaka 2000, lakini hawatoshi kupunguza.

#36 Mwenye_Shamba_Iringa
Aliyeniuzia mbegu anasema wenye misitu binafsi kule sasa wanapanda Douglasie kutoka Marekani, inavumilia ukame. Bwana_Miti, si ndiyo tunarudi kwenye shamba la mti mmoja?

#37 Bwana_Miti
Ikipandwa peke yake, ndiyo. Ikichanganywa na Buche na mwaloni ni habari nyingine. Ila Kipepeo atakuja kuniambia habari za saipresi, nayo ni mti wa kigeni uliotuvumilia miaka mingi kabla ya 1986.

#38 Kipepeo254
Nipo. Nilikuwa natafuta picha za lile ua letu, nazipandisha jioni. Tulibadilisha nusu tu, nusu nyingine ni saipresi ile ile na ipo hadi leo. Mueleze hiyo nayo.